Muswada wa Ndoa na Ng'ombe wa Simioni

Foleni ya sukari kwenye duka la ushirika la Tarime siku ile ilikuwa ndefu hata mkia wake ukafika stendi ya mabasi. Agustina, katika gauni la maua ya njano na viatu vya kuazima, alikuwa amekaribia kaunta pale mama mmoja mnene alipombana muuzaji kwa maneno: mara mizani mibovu, mara sukari ina mchanga, mara mume wake ni balozi wa nyumba kumi.

Nyuma ya Agustina kijana mmoja akatazama saa ya mkononi. Suti yake ya Kaunda ilikuwa na mikunjo ya pasi ambayo ingekata mkate.

"Mama, shikamoo. Muda wako wa kuchangia umekwisha. Naomba ukae."

Mama akakaa juu ya gunia la chumvi, bila kujua kwa nini. Agustina alicheka mpaka akapoteza nafasi yake.

"Kaka, wewe ni nani unayekalisha watu?"

"Stanslaus. Karani wa Bunge, Dar es Salaam. Nashika saa. Mheshimiwa akizidisha muda, napiga kengele. Hata waziri!"

"Na mke wako unampigia?"

"Sina mke. Nikimpata, kengele naitupa ziwani."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Lakini mapenzi yalishaanza. Likizo yake ilipoisha, Stanslaus akawa anapiga simu kutoka Dar, na aliyeiunganisha ni Agustina mwenyewe, maana kazi yake ilikuwa kwenye mitambo ya simu pale posta. Angeweza kumwachia laini mpaka jogoo awike. Ajabu ni kwamba mwenzake hakutaka.

"Malaika wangu, dakika zetu zimekwisha."

"Nani kakuuliza dakika? Laini ninayo mimi. Ongea!"

"Kuna watu wanasubiri, mpenzi. Kanuni ni kanuni."

Agustina akang'oa waya wa laini.

Maua, mwenzake wa kazini, alikuwa akikata kucha. "Mwanaume anapewa muda wa bure anaukataa? Agu, kuna mtu kasimama pembeni yake."

Shaka ikaingia kama kokoto kwenye kiatu. Na kila alipouliza habari za mahari, jibu lilikuwa moja: Bunge kwanza limalize muswada wa ndoa.

"Sisi na Bunge wapi na wapi, Stan?"

"Upite kwanza. Nitakueleza nikija."

Muswada wenyewe haukutulia. Mara ratiba imebadilika, mara wachangiaji wameongezeka, mara umesogezwa wiki ijayo. Sokoni watu walisema sheria hiyo itawaruhusu wanaume kurundika wake kwa muhuri wa serikali. Agustina akajisemea: ahaa, ndicho anachosubiri!

Siku moja Stanslaus alisahau kurudisha mkono wa simu mahali pake. Agustina akabaki kwenye laini, ingawa kazi yake ilimkataza, na akasikia sauti ya mwanamke: "Stanslaus! Chai inapoa, nami nakusubiri wewe tu!"

Siku hiyo aliunganisha simu za Musoma zikaenda Mwanza.

Nyumbani Nkende, baba yake, mzee Waitara, hakuwa na subira. "Huyo mtu wako wa kengele simwoni. Simioni wa Kisaka ana wake wawili na ng'ombe wengi. Ijumaa analeta mahari. Ng'ombe wakishaingia zizini, wewe ni mke wake."

Katikati ya wiki redio ikatangaza muswada umepita. Simu kutoka Dar haikulia. Ijumaa asubuhi Agustina akaipiga mwenyewe.

"Namtaka mwanamke anayemwita Stanslaus kunywa chai."

"Ni mimi, Bi Sabaha, mkuu wa wapiga chapa. Nani mwenzangu?"

"Agustina wa Tarime. Wewe ni nani wake?"

"Kumbe ndiye wewe! Mwanangu, mimi nina wajukuu. Huyo mchumba wako katuchosha. Mjadala ulipofika kwenye ndoa ya mke mmoja, alimrudishia mkuu wake saa na kengele. Kasema hawezi kuwapimia watu muda kwa haki, moyo wake uko upande mmoja. Wakampa kazi ya kubeba maji."

"Upande gani?"

"Upande wa kujifunga! Kwa sheria hii mpya, mtu akiandikisha ndoa ya mke mmoja, haibadilishi bila mkewe kukubali. Anasema babu yake alioa kumi, baba yake sita, naye hajiamini. Saa hizi yuko kwenye treni ya Mwanza."

Agustina alifika nyumbani mbio. Ng'ombe walikuwa langoni, na Simioni amevaa koti la sufu jua likiwaka. Katika ukoo ule, binti huulizwa mbele ya wazee kama anawakubali ng'ombe. Mpaka ajibu hawaingii zizini, na jua likizama kabla ya jibu hurudi walikotoka. Mabinti wote hujibu kwa neno moja. Agustina alianza na ng'ombe wa kwanza.

"Tata," alimwambia baba yake, "nitajibuje kabla sijazungumzia pembe za huyu mwekundu?"

Akazungumzia pembe, kwato, mkia, na tabia za mama yake ng'ombe. Akahamia wa pili. Wazee wakasinzia. Simioni akavua koti.

"Mzee Waitara, mnyamazishe binti yako!"

"Kwa kanuni gani? Mila ni mila. Hajamaliza."

Wanasema ng'ombe watatu walilala chini kwa kuchoka kumsikiliza, na mmoja akaanza safari ya Kisaka peke yake. Jua lilipozama, Agustina alikuwa bado kwenye kwato za dume jeusi.

Kesho yake Stanslaus akashuka kwenye basi lililotoka Mwanza, suti imekunjamana kama kabichi. Agustina alimngoja mlangoni pa posta, mikono kifuani.

"Malaika..."

"Acha malaika. Ni kweli hujiamini?"

"Nani kakwambia?"

"Jibu."

Stanslaus akatazama viatu vyake. "Wewe nakuamini. Mimi mwenyewe bado najichunguza. Ndiyo maana nataka sheria inishike. Nioe, Agustina. Yaani, nikuoe."

Agustina alilipekua jibu lile pande zote akitafuta uongo. Hakuupata. Lilikuwa baya mno kuwa la uongo.

"Sheria ikianza kazi tunakwenda kuandikisha, na nitakushika mkono mpaka wino ukauke."

"Na mpaka siku hiyo?"

"Ukija Tarime unalala kwa Tata, chumba cha mbuzi, nikikuona."

Stanslaus alikubali kabla hajauliza mbuzi ni wangapi.