Poda Ilipimwa Ikiwa Imelowa

"Mtoto amelala. Mwamshe."

Hiyo ndiyo amri iliyomfikia Nyuki sikioni. Maana yake: vunja mlango.

Nyuki, askari wa wakaguzi wa bidhaa, alipiga teke moja. Bawaba zikang'oka. Ndani ya ghala, makopo ya poda ya watoto yalipangwa hadi darini. Bastola yake, Beretta, ikatangulia, yeye akafuata.

"Mikono juu! Wote!"

Wapakiaji wakatii. Bosi wao, suti ya kijivu, hakuinuka hata kitini.

"Karibu, dada. Punguza hasira. Kompyuta yenu wenyewe ilisema mali yangu salama."

Hapo alimchoma pabaya. Ilikuwa kweli.

Ninyi mnaonunua kwa kuangalia alama ya kijani, sikilizeni. Wakaguzi wana modeli ya kompyuta. Unaiambia chembe za kitu zina ukubwa gani, nayo inabashiri kama zitadhuru, kabla hajaguswa mtu. Poda hii ilipewa kijani. Ikajaa madukani. Mdogo wake Nyuki akanunua. Sasa kichanga chake kinakohoa mpaka kinabadilika rangi.

Nyuki akafungua kopo.

Bosi akajiziba pua kwa leso.

Nyuki aliona. Akanyunyiza poda kwenye kipimo chake cha chembe, kidogo kama kiberiti, akagusa kifaa cha sikioni.

"Miwani, unapata vipimo?"

"Napata," akajibu mtaalamu wa kompyuta kutoka maabara. "Ngoja. Unapima kavu?"

"Kavu. Kwani mtoto anapakwa uji?"

Miwani akashusha sauti.

"Sisi hupima kila kitu ndani ya maji, dada. Ndiyo kawaida yetu. Kwenye maji chembe hizi zinashikana, zinakuwa mabonge. Kompyuta tuliiambia mabonge. Kavu zinapeperuka moja moja, ndogo mno. Zinapita pua, zinapita koo…"

"Iulize upya!"

Bosi akacheka. Kawaida hiyo ya kupima majini aliijua tangu mwanzo. Mkono wake ukateleza chini ya meza.

Nyuki akafyatua. Risasi ikachana mbao kando ya vidole.

"Rudia, nikupake poda yako mwenyewe."

Hakurudia.

"Nyekundu," Miwani akasema. "Mapafu. Wachanga hasa."

"Fungeni maduka yote. Na aliyekwisha kuivuta? Iulize hiyo."

"Modeli inabashiri kabla. Ikishaingia kifuani, haina la kusema."

"Iulize, nimesema!"

"Nimeshaiuliza, dada. Hata mwanangu anapakwa poda hiyo."

Askari wakaingia. Pingu zikalia. Njama imekwisha.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mdogo wake.

"Dada, leo katulia. Nimemwogesha, nikampaka poda ya kutosha, kalala fofofo."



"Mwamshe."

"Jamani, ndiyo kwanza kalala!"

"Mwamshe. Mfute kwa kitambaa kilicholowa, taratibu, isipeperuke. Kisha hospitali."

"Kwani watampa dawa gani?"

Hilo hata kompyuta haikulijua.

"Nakuja," akasema.

Akavaa kofia ya pikipiki, akashusha kioo cheusi, akapita katikati ya askari bila haraka. Wakampisha, wakanong'ona: yule mwanamke hana woga kabisa.

Kioo kilikuwa kimeshaingia ukungu kwa ndani.