Nafasi Tupu Kwenye Namba ya Lori

Land Cruiser ilikata kona, matairi yakapiga yowe.

"Umbali?" sauti ya Mkuu ilikwaruza redioni.

"Mita mia mbili. Namwona," alijibu Sindano. Bastola ya Glock mapajani, kompyuta miguuni.

Kwenye usukani alikuwa Bubu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hanyamazi. Leo alikuwa kimya kweli.

Alijua kinachomla Sindano.

Siku sita nyuma, Sindano alikuwa na majedwali mawili. La kwanza, malori yote yaliyovuka mpaka. La pili, malori yaliyoonekana kwenye bohari la watu wanaoingiza viwashio vya mabomu. Aliiambia kompyuta ichuje safuwima ya namba za gari katika jedwali la kwanza, ibakize zile tu zilizomo kwenye la pili.

Ikabaki moja.

Akaituma kwa Mkuu bila kuitazama mara mbili. Dereva wa lori hilo akakamatwa barabarani. Lori lilikuwa tupu. Aliapa kwamba aliingia pale boharini kuazima jeki tu.

Nani amsikilize?

Leo asubuhi mtoa habari alipiga simu. "Mzigo unatoka sasa hivi."

Sindano akafungua tena majedwali, jasho likamtoka. Karani wa mpakani aliacha nafasi kati ya herufi na tarakimu. Shushushu aliyeorodhesha malori ya boharini hakuacha. Machoni pa kompyuta, hizo ni namba mbili tofauti. Ya yule dereva tu ndiyo iliyoandikwa sawasawa kotekote. Alifuta nafasi zote, akachuja upya.

Namba mbili. Ya dereva, na ya lori jingine lililovuka mpaka mara kumi na moja.

Ndilo hili lililokuwa mbele yao.

"Sogea kushoto, Bubu!"

Risasi moja. Tairi la nyuma likapasuka. Lori likayumba, likajilaza mtaroni. Mwenye lori akatoka mikono juu. Chini ya mifuko ya saruji, viwashio mia nne.

"Kazi safi," Mkuu alisema. "Nenda kapumzike."

"Bado, Mkuu. Yule dereva atoke. Namfungulia mwenyewe."

Saa sita mchana alisimama mlangoni mwa mahabusu.

"Kaka, uko huru. Mimi ndiye niliyetoa namba yako. Kosa ni langu."

Mtu yule hakupandisha sauti. "Leo siku gani, dada?"

"Jumanne."

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nawahi kumzika mama. Alizikwa Alhamisi."

Sindano akatoa funguo za gari mfukoni.

"Nitakupeleka nyumbani," alisema.

Alimfungulia mlango wa mbele. Yule dereva akaupita, akafungua wa nyuma, akakaa peke yake.

Sindano alivaa miwani ya jua ili macho yao yasikutane kwenye kioo. Akawasha gari.