Chini ya Mara Ishirini

Waiyego aligeuka kama mtu aliyeitwa. Angekuwa mtoto mwingine, mama yake asingeona ajabu. Lakini huyu alikuwa kiziwi. Tangu homa ya uti wa mgongo imshike akiwa na miaka miwili, hata zile radi za Eldoret zinazofanya ng'ombe wakate kamba hazikuwahi kumgeuza shingo. Ukimtaka, unamgusa bega. Na sasa, saa tisa mchana, stima zimepotea mtaa mzima wa Kapsoya, mtoto ameketi sakafuni anachora, mgongo wake umeelekea ile wufa kubwa ya baba yake, boksi la spika la sauti nzito. Akageuka, akatabasamu, akainua mikono: Nakuja.

"Unaenda wapi?" Nduta akamuuliza kwa ishara.

"Ameniita," mtoto akajibu kwa mikono yake midogo, akaonyesha boksi.

Nduta alicheka, maana wako watu wanaocheka wakiingiwa na hofu. Halafu akaona gilasi ya maji mezani. Maji yalikuwa yanatetemeka, viduara juu ya viduara, na hakuna gari lililokuwa linapita nje. Taa ya wufa ilikuwa imezimika. Alichomoa waya ukutani hata hivyo, akaushika mkononi, na maji yakaendelea kutetemeka.

Sasa, hilo boksi halikujileta. Lililetwa na Muigai, mume wake, mwenye duka la mbegu na mbolea mjini, mtu mzuri tu lakini kichwa ngumu kuliko jiwe. Waiyego alikuwa binti yake wa kwanza, kwa hivyo akapewa jina la mama yake Muigai, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka. Na mtu hawezi kumwita mama yake kwa jina kavu, kwa hivyo Muigai alimwita mtoto "Mami." Akifika kwa geti: "Mami! Mami wangu!" Miaka saba alimwita hivyo mtoto asiyesikia. Majirani walimwonea huruma, wengine walimcheka, na yeye hakuacha.

Basi mwezi wa nane, shule za bweni zimefungwa, walienda harusi Moiben. Muigai akamwona binti yake amesimama kando ya spika ndefu kumshinda, ameweka viganja vyote viwili, amefumba macho, miguu inafuata muziki bila kukosea hata mara moja. Anacheka. Muigai alienda nyuma ya hema akalia machozi, mwanaume mzima na suti yake. Jumatatu asubuhi alikuwa kwa Lusweti, fundi wa spika.

Lusweti alijua kazi yake na alipenda kuieleza. "Ona, Bwana Muigai. Sauti nyembamba, hata koni ndogo inaiweza. Sauti nzito inataka koni pana, inayosukuma hewa nyingi polepole. Koni ikienda mbele, inasukuma hewa ya sebule yako. Ikirudi nyuma, inasukuma hewa ya ndani ya boksi. Hiyo ya nyuma hatuitupi. Tunaipitisha kwa hii paipu, itoke kwa tundu, iungane na ya mbele. Ndiyo maana ukiweka mkono hapa unasikia boksi linapumua."

"Na nikitaka ishuke zaidi?"

"Tunaongeza boksi, tunarefusha paipu. Lakini kuna mwisho. Koni ikicheza chini ya mara ishirini kwa sekunde, sikio la mtu limefika mwisho. Hapo hakuna muziki, mzee. Ni kifua tu na tumbo. Mimi huwa sishuki huko. Niliwahi kushuka nikijaribu, nikaona kitu pembeni ya jicho mchana kutwa. Sikupenda."

"Mtoto wangu sikio lilifika mwisho kitambo," Muigai akasema. "Wewe shuka."

Na Lusweti, Mungu amsamehe, akashuka. Alitengeneza boksi la mbao nzito lenye ukubwa wa kabati la vyombo, na paipu ndani yake ikakunjwa mara tatu ndipo ienee. Siku ya kwanza kuliwasha, Muigai alipiga magoti kando ya binti yake, akaweka mdomo karibu na tundu, furaha imemjaa, akaita, "Mami! Unaskia, Mami?" Waiyego hakusikia chochote. Alikuwa tu amelalia boksi, anacheka.

Baada ya ile siku ya stima kupotea, nyumba ikaharibika polepole. Kwanza ilikuwa harufu, harufu ya mahindi yaliyofungiwa gunia yakiwa mabichi yakaoza katikati, na ilitoka kwa lile tundu. Nduta alisafisha na dawa ya choo, akapaka na mafuta ya taa, harufu ikarudi. Kisha tumbo. Kila akiingia sebuleni tumbo lilimvuruga, akahisi mtu amesimama pembeni ya friji, akigeuka hakuna mtu. Paka akahama, akaenda kukaa kwa jirani, na jirani akija kuuliza kulikoni, anasimama mlangoni dakika moja, anakumbuka ameacha maziwa kwa moto.

Waiyego peke yake ndiye aliyenawiri. Alikuwa ananong'ona na boksi kwa mikono kutwa nzima, wufa imechomolewa.

"Anakuambia nini?" Nduta akamuuliza siku moja kwa ishara.

"Hadithi. Anajua kuongea na mimi hapa." Mtoto akagusa kifua chake. "Anasema nyinyi mnaongea juu juu sana. Yeye anaongea chini."

"Ni nani?"

"Hana jina. Anasema baba alimwita lakini hakumpa jina sawasawa. Anangoja amwite tena."

Nduta alimwambia Muigai jioni hiyo hiyo, kwa sauti ya chini, jikoni, bomba la maji limefunguliwa. Muigai akakasirika. "Wewe mwanamke! Mtoto amepata rafiki wa kuwaza tu, kama watoto wote. Unataka nimnyang'anye kitu kimoja anachofurahia?" Lakini kesho yake alikaa kwa kochi mwenyewe, akaona pazia la dirisha likivutwa kuelekea tundu, likaachiliwa, likavutwa, likaachiliwa, polepole, na dirisha lilikuwa limefungwa. Hakumaliza chai yake. Alitoka nje akampigia simu Mama Musimbi.

Mama Musimbi alikuwa amefanya kazi za nyumba Mombasa miaka kumi na tano, akarudi Eldoret anajua mambo ya majini kuliko wachungaji wote wa mji huu, ingawa kanisani alikaa kiti cha mbele. Alikuja mchana, na ubani, nta, na kitambaa cheupe. Alizunguka boksi mara moja tu, akajifuta jasho.

"Mama, ni nini?" Nduta akanong'ona.

"Hawa wako kila mahali, binti yangu, lakini wanaongea chini sana, hatusikiani. Ndiyo heri yetu. Nyinyi mmemtengenezea mdomo." Akamtazama Muigai vibaya. "Sasa sikilizeni. Nitatundika uzi hapa kwa tundu. Akitoa pumzi, uzi utaenda nje. Akivuta, utaingia ndani. Ukiingia ukakaa, basi amejikusanya ndani mzima, na mimi nitaziba. Mtoto awe mbali. Na kitu kimoja: hakuna mtu kutaja jina la mtu humu ndani. Jina lolote. Huyu hana. Ukimpa, anaingia kwa mwenye hilo jina, na mwenye jina anabaki alipokuwa huyu, ndani ya boksi. Mmenielewa?"

"Tumeelewa, Mama," wakajibu pamoja.

Mtoto akafungiwa chumbani. Ubani ukawashwa. Uzi mwekundu ukaning'inia mbele ya tundu, ukaenda nje, ukaingia, ukaenda nje, na Mama Musimbi akaanza kusoma maneno yake kwa chini, na vile alivyosoma ndivyo sakafu ilivyoanza kuwa laini chini ya nyayo, vikombe vikalia kabatini kimoja kimoja, meno ya Nduta yakagongana bila yeye kutetemeka, macho yakamjaa machozi yasiyo ya kulia, na kile kitu cha pembeni ya friji kikawa hakiondoki tena akigeuka, kikawa kipo, kirefu, kimeinama kama anayetafuta sindano sakafuni, kikisogea kuelekea boksi, kikiingia, mguu, kiuno, bega, na uzi ukavutwa ndani ukanyooka kabisa, na wakati huo huo mlango wa chumbani ukafunguka na Waiyego akaja mbio, uso umejaa furaha ya mtu aliyeitwa na rafiki yake, akapita chini ya mkono wa mama yake, akalikumbatia boksi na mikono yote miwili, shavu juu ya tundu.

"Mami!" Muigai akapiga ukelele. "Mami, toka hapo!"

Mtoto hakusikia. Angesikiaje? Miaka saba hakuwahi kusikia. Lakini vikombe vilinyamaza vyote mara moja.

Waiyego alianguka chali. Mama Musimbi, ambaye alikuwa anasoma amefumba macho, alisukuma kitambaa ndani ya tundu, akamwaga nta juu yake, akabonyeza na kidole gumba mpaka kikaungua. Harufu ya mahindi ikakatika. Halafu mtoto akafungua macho, akamtazama baba yake.

"Nimesikia, Baba," akasema.

Kwa mdomo. Woi, watu wangu! Kwa sauti safi, tamu, ya mtoto wa shule anayesoma shairi mbele ya wazazi. Muigai alimkumbatia. Nduta alijifunika mdomo na leso. Mtoto akamgeukia. "Mama, mbona unalia?"

Mama Musimbi peke yake hakufurahi. Mtoto ambaye hajasikia neno tangu miaka miwili, amejifunza wapi kulitamka hivyo? "Nani amesema jina?" akauliza polepole. "Nilisikia mtu akipiga kelele. Alisema nini?"

"Nililia tu kwa hofu," Muigai akasema. "Hakuna jina."

Mama Musimbi akamgeukia Nduta. Na hapa ndipo pabaya. Nduta alijua. Alisikia na masikio yake mwenyewe. Lakini "Mama" ile ilikuwa bado inazunguka kichwani mwake, alikuwa ameingoja miaka saba, na aliitaka iendelee. Akatazama sakafu.

"Hakuna jina, Mama."

"Sawa. Lakini hilo boksi msiliguse. Msilifungue, msilivunje. Nitarudi Jumamosi nisikilize aliye ndani ni nani."

Siku mbili nyumba ilikuwa sherehe. Simu zilipigwa mpaka Nyeri. Muigai alimpeleka mtoto dukani akae kwa kaunta awasalimie wateja, na mtoto akawasalimia, Kiswahili, Kikuyu, hata Kinandi, na hakuna aliyejiuliza. Boksi lilisukumwa hadi stoo ya nyuma. Huko lilikuwa linapiga. Si kwa nguvu. Ukipita karibu ulihisi kifuani, tu, tu, tu, mchana na usiku, bila kupumzika, linapiga hivi, linabadilisha, linapiga vile, kama linatafuta namna ya kueleweka.

Ijumaa mtoto akasema, "Baba, choma hiyo kitu. Inaniogopesha."

"Mama Musimbi alisema Jumamosi," Nduta akasema, lakini si kwa kusisitiza.

"Inataka kurudi ndani yangu, Mama," mtoto akasema, akamshika sketi.

Hilo lilimtosha Nduta. Mama gani hangetosheka? Walilivuta hadi uani, na ni yeye mwenyewe aliyechukua chupa ya mafuta ya taa, akalimwagia juu, pande zote, akawasha kiberiti. Boksi likaanza kupiga kwa nguvu, mbio mbio, mbao zikatetemeka, misumari ikaruka, na Nduta, aliyekuwa hajawahi kumtukana mtu maishani mwake, akasimama mbele ya moto na hasira ya miaka yote saba.

"Piga! Piga, shetani wewe! Utamwona mtoto wangu tena wapi?" Akaongeza mafuta. "Lia vizuri nikusikie!"

Lilipiga muda mrefu. Lilipunguza. Likapiga mara moja, likangoja, likapiga tena kidogo sana, halafu koni ikashika moto na likanyamaza. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni anatazama, anakula ndizi.

Jioni walikula nyama na viazi. Nduta alikuwa amechoka, mwili mwepesi, mikono inanuka mafuta hata baada ya sabuni. Mazoea ya miaka saba hayaishi siku mbili. Bila kuwaza, aliinua mikono akamuuliza mtoto kwa ishara: Umeshiba?

Mtoto alitazama vidole vyake, akakunja paji la uso. "Mama, hiyo ni nini unafanya?"

Muigai akacheka. "Wacha hiyo mambo sasa, Mama Waiyego. Mtoto anasikia. Ongea naye."

Nduta hakucheka. Alirudia, polepole, ishara rahisi zaidi, ya kwanza kabisa waliyojifunza pamoja kwa kitanda cha hospitali: Mama. Mtoto. Mimi. Wewe. Mtoto alimtazama akingoja amalize, kama unavyongojea mtu mlevi amalize. Kisha akatingisha vidole vyake hewani ovyo ovyo, kumwigiza, akacheka.

Nje, uani, majivu yalikuwa bado ya moto. Nduta alielewa kila kitu kwa mara moja: ni nani alikuwa anapiga mbao kutoka ndani siku mbili mchana na usiku, na alikuwa anamwita nani, na ni mkono wa nani uliomimina mafuta. Alifungua mdomo apige mayowe, na mtoto akamtazama, akatikisa kichwa kidogo tu, huku tabasamu limebaki pale pale.

"Mama," akasema, "niongezee nyama."

Muigai alikuwa anamtazama binti yake kwa mapenzi hata akasahau kutafuna. "Mpatie Mami nyama, si umesikia?"

Nduta akachukua sufuria, akamwongezea.