Breki Laini na Mguu wa Kaka

Kila siku akitoka shule, Kidomo alivua sare, akaosha vyombo, kisha akaenda uani kumsaidia baba yake kuunda gari. Jina hilo alipewa kwa sababu hakujua kunyamaza. Gari lenyewe lilikuwa kichekesho cha mtaa: milango ya rangi mbili, na kiti cha nyuma kilichowahi kuwa kochi la sebuleni. Baba, mchomeleaji wa mageti, alikuwa ameahidi kwamba Jumamosi wote watalipanda kwenda kwa bibi.

Ilikuwa Alhamisi, na pedali ya breki bado ilikuwa laini kama sponji. Ukiikanyaga, inazama mpaka sakafuni. Baba alisema kuna hewa kwenye mafuta ya breki. Kwa siku tatu alilala chini akifungua na kufunga skrubu za kutolea hewa, huku kaka yake Kidomo akikanyaga pedali. Mguu wa kulia wa kaka ulikuwa mwembamba tangu alipougua utotoni.

"Kanyaga, kijana," Baba alisema. "Au mguu huo umeuazima kwa kuku?"

Majirani waliochungulia ukutani wakacheka. Mmoja akashauri aitwe bibi kizee yeyote aje asaidie. Baba akaongeza kwamba asiyeweza kukanyaga breki, Jumamosi atabaki nyumbani na kuku wenzake. Kaka akakanyaga tena. Kidomo naye alicheka, tena kuliko wote, kwa kuwa anayecheka haulizwi maswali.

Maana alikuwa na siri. Wiki iliyopita Baba alimpa asafishe kalipa mbili, vile vyuma vinavyobana diski za magurudumu. Zilikuwa na alama za chaki: moja ya kulia, moja ya kushoto. Maji yakafuta chaki. Kidomo akabahatisha, akaandika upya, akakimbilia kucheza.

Sasa Baba alipokwenda kunywa maji, Kidomo alichutama kando ya gurudumu. Kwenye mrija mwangavu wa plastiki wa kutolea hewa, mapovu yalikuwa yakipanda juu. Lakini skrubu zote mbili zilitazama chini; kumbe kalipa zilifungwa pande zisizo zake. Hewa ilikuwa imejificha ndani, sehemu ya juu ya kalipa, na isingetoka hata kaka akanyage mpaka aote mvi.

Angeweza kunyamaza. Ila ndani ya gari kaka alikuwa amekunja suruali, anaupiga ngumi mguu wake, taratibu, kama mtu anayemwadhibu mtoto mkaidi.

Baba aliporudi, Kidomo alisema, "Baba, siyo mguu. Ni mimi. Chaki ilifutika, nikabahatisha."

Baba hakugomba. Alizifungua kalipa, akazibadilisha pande, skrubu zikatazama juu. Kaka akakanyaga, mapovu yakatoka mengi, na mwishowe pedali ikashuka kidogo tu, ikagoma kama jiwe. Majirani wakakumbuka kazi za kwao.

"Nilishaanza kuamini ni mguu," kaka alisema.

Baba aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu. Mdomo wangu ulikosa adabu." Kisha akamgeukia Kidomo. "Kosa lako lilikuwa la kurekebishwa kwa saa moja. Ukimya wako umemtesa mwenzako siku tatu. Ukiharibu, sema palepale, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako."

Jumamosi kaka alikaa mbele. Kidomo alikaa nyuma kwenye kochi akiyawaza maneno ya Baba, na njia nzima hakuna aliyelazimika kumwambia anyamaze.