Dawa ya Mihayo Kutoka Marekani

Wilhelmina alikuwa anachambua dagaa wa kuuza, nje ya nyumba yao, Mabatini. Mume wake, Mihayo, alikuwa anafanya mazoezi ya bugobogobo, ngoma ya majembe. Binti yao Justa angeolewa Kisesa mwezi uliofuata, na baba yake ndiye angeongoza ngoma.

"Baba Justa, umemeza dawa?"

"Leo kichwa hakiumi. Dawa ya Marekani haimezwi ovyo."

Mihayo alikuwa na shinikizo la juu la damu. Mdogo wake, Machibya, yuko Marekani na humtumia vidonge. Kwa kuwa ni ghali, Mihayo huvibania. Humeza akiumwa kichwa tu.

Akarusha jembe juu. Kizunguzungu kikamshika, akayumba, akakalia dagaa.

"Hee! Unataka Justa aolewe bila baba?" Wilhelmina alilia.

Wakaenda hospitali. Daktari alimtibu, akamwandikia dawa ile ile, kidonge kimoja kila siku.

"Shinikizo lisiposhuka, hakuna kucheza," alisema.

Kwenye duka la dawa, mfamasia Nasma aliwatolea boksi. Mihayo aliposikia bei, akalisukuma.

"Binti yangu, hii ni bei ya karanga. Itatibu nini? Mimi natumia hii ya Marekani," alisema, akitoa vidonge vyake mfukoni.

Nasma akacheka. "Nioneshe hiyo ya Marekani, baba. Jina hili kubwa ni la biashara. Soma hili dogo chini yake."

Mihayo akasoma polepole. Akasoma na kwenye boksi.

"Ni jina moja!"

"Na dawa ni moja. Nguvu yake pia ni moja."

"Mbona bei zimeachana hivyo?"

"Kampuni iliyogundua dawa hupewa haki ya kuiuza peke yake miaka kadhaa. Haki ikiisha, viwanda vingine huitengeneza, bei inashuka. Ila yenye jina la mwanzo huweza kubaki ghali. Halafu kila nchi ina utaratibu wake. Kwingine serikali hupatana bei na viwanda kwa niaba ya wananchi wote. Kwingine kampuni hujipangia."

"Kumbe kama dagaa wangu!" alisema Wilhelmina. "Wakifika Dodoma bei inapanda, lakini utamu ni ule ule."

"Umeshanipita kwa kueleza, mama! Muhimu nunua duka lenye kibali. Usibadili dawa kabla ya kuuliza. Na baba, meza kila siku, hata ukijisikia mzima."

Mihayo akameza kila siku. Aliporudi kupima, shinikizo lilikuwa limeshuka.

"Kacheze," alisema daktari, "lakini usishindane na vijana."

Siku ya harusi, kule Kisesa, jembe liliruka, likazunguka, likadakwa. Justa alimfuata baba yake akipiga vigelegele. Machibya alikuwa anatazama kwenye simu, kutoka Marekani.

"Kaka, nikutumie vidonge vingine?"

"Acha!" Mihayo alijibu, jasho likimtiririka. "Kata tiketi uje. Wewe ndiye umekosekana hapa!"