Kifutio Juu ya Kibodi

Kila mapumziko ya mchana, Chiriku na wenzake waligombea kompyuta ya darasa ili waandike insha kwenye tovuti ya shule. Aliyeitengeneza tovuti hiyo ni mjomba wake Chiriku, nayo ilikuwa na ubaya mmoja. Ukikaa kimya ukiwaza, ilikutoa na kukuandikia, "Muda umekwisha, ingia upya," na kazi yako yote ikapotea. Chiriku alikuwa mwepesi wa mdomo lakini mzito wa kalamu, hivyo alikwisha kuumia zaidi ya mara moja.

Siku moja aliapa kwamba haitamweza tena. Aliingia kwa jina lake, lakini hata sentensi ya kwanza alikuwa hajaipata. Akaweka kifutio juu ya kitufe cha mshale ili tovuti idhani bado yuko kazini, akaenda kula, ameridhika na ujanja wake.

Nyuma yake akaja Kobe, mvulana mpole wa dawati la mwisho. Alidhani kifutio kimesahauliwa, akakiweka kando. Ukurasa ulikuwa wazi. Bila kutazama jina, aliandika jinsi alivyoziba paa pamoja na babu yake, akatuma.

Kesho yake mwalimu alisoma insha iliyochaguliwa kwenda mashindanoni. Ilikuwa ile ya paa, kwa jina la Chiriku. Kobe akasema kwa sauti ndogo kwamba ni yake. Darasa zima likacheka, na mwalimu akamkumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Chiriku alitamani sana kwenda mashindanoni. Lakini alipomwona Kobe ameinamisha kichwa, aliona aibu, akasimama.

"Mwalimu, Kobe anasema kweli. Mimi ndiye niliyeacha ukurasa wangu wazi makusudi."

Akaeleza yote, hata habari ya kifutio. Mwalimu alimwomba Kobe radhi mbele ya wote, na safari ya mashindanoni ikawa ya Kobe.

Jioni Chiriku alimsimulia mjomba, kisha hakubanduka ubavuni mwake. Mjomba alirekebisha, yeye akajaribu, ikakataa, wakarudia. Mwishowe tovuti ikawa inamwonya mtu kabla ya kumtoa, na akiingia upya kwa neno lake la siri, anakuta maandishi yake yote.

"Si ungeiacha tu wazi siku zote, mjomba?"

"Mlango wa watu wengi lazima ufungwe, mpwa wangu. Kosa langu ni kwamba nilifunga nikamwaga mizigo ya wageni. Kosa lako ni kuuzuia mlango kwa kifutio badala ya kuniambia. Ukificha kasoro kwa ujanja, anayeumia ni mwenzako."

Siku iliyofuata, Kobe alipoketi kwenye kompyuta, tovuti ilikuwa imekwisha kumtoa aliyemtangulia, ikamwuliza jina lake kwanza.