Pazia Lililoachwa Wazi

Wenzake walimwita Timazi. Timazi ni kile kichuma kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho fundi hupimia kama ukuta umesimama wima. Yeye mwenyewe hakuchoka kujisifu kwamba ukuta wake haujawahi kupinda. Alisema hivyo kazini, alisema kwa kinyozi, na wiki ile alisema zaidi nyumbani, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amekuja kuwatembelea.

Jumanne asubuhi mama mkwe alikosea ngazi ya mlangoni. Mguu ukateguka, kifundo kikavimba.

"Nitampeleka hospitali mwenyewe," alisema Timazi, akipuliza chai yake. "Pale ni kama kwangu."

"Kama kwako?" mke wake akacheka. "Kwani wewe ni daktari?"

"Ninapajenga, mke wangu. Nani atanizuia?"

Kweli, alikuwa akipajenga. Chumba cha dharura cha hospitali ile kilikuwa na vitanda sita tu. Wagonjwa wengine walilazwa kwenye machela ukumbini. Sasa kilikuwa kinapanuliwa kiwe na vitanda kumi na vinne. Lakini hakikufungwa hata siku moja. Ajali haisubiri saruji ikauke. Upande mmoja mafundi walivunja na kujenga, upande wa pili wauguzi walitibu watu.

Katikati yalitundikwa mapazia mawili ya nailoni nzito, kutoka darini hadi sakafuni, kila moja na zipu yake. Kati ya pazia na pazia palikuwa na nafasi ndogo ya kusimama. Sheria ilikuwa moja: funga pazia la nyuma kabla ya kufungua la mbele.

"Nailoni tu hiyo," Timazi alizoea kusema. "Inatuchelewesha bure."

Walipofika, muuguzi wa mapokezi aliutazama mguu wa mama mkwe. Akaugusa hapa na pale, akauliza maswali, kisha akampa kadi ya kijani.

"Kijani maana yake utasubiri, mama. Kadi nyekundu ni ya mtu ambaye uhai wake uko hatarini. Huyo anaingia kwanza. Njano anafuata. Hapa hatutazami nani amewahi, tunatazama nani amezidiwa."

"Sawa, mwanangu," akajibu mama mkwe. Akakaa kwenye benchi, ametulia kabisa.

Timazi hakutulia. Nusu saa ilipita. Akaletwa mwanamke mmoja, mshonaji wa nguo, anahema kwa shida. Alikuwa na pumu. Akapewa kadi nyekundu, akaingizwa papo hapo. Timazi akaona kama amevuliwa nguo mbele za watu. Mkwe wake kukalishwa benchi, na fundi wa jengo yupo?

"Inuka, mama. Tupite mlango wetu."

"Mlango gani, baba?"

"Wa mafundi. Mwenye nyumba hapigi hodi."

Mama mkwe alisitasita. Lakini mkwe ni mkwe, hakutaka kumvunja moyo. Wakazunguka nyuma ya jengo.

Ndani, msaidizi wa Timazi alikuwa akivunja ukuta wa zamani kwa nyundo. Alikuwa ameumwagia maji, kama walivyofundishwa, lakini katikati ulikuwa bado mkavu. Vumbi lilijaa. Timazi alimshika mama mkwe asije akaanguka, fimbo yake ameibana kwapani. Akafungua pazia la kwanza, wakapita. Akafungua la pili, wakapita. Kugeuka nyuma kufunga zipu huku amemshikilia kulimshinda.

"Nitarudi kufunga sasa hivi," alijiambia.

Mlango wa nje nao alikuwa ameuacha wazi. Upepo ukavuma, vumbi likaingia chumba cha wagonjwa. Mshonaji wa nguo, ambaye alikuwa ameanza kupata nafuu, akakohoa. Akakohoa tena. Midomo yake ikabadilika rangi. Wauguzi wakakimbia. Mmoja alimshikia barakoa ya dawa, wawili wakakisukuma kitanda chake hadi chumba cha pili, wakaacha mlango wazi kidogo tu, wa kupitishia mtungi wa hewa.

Muuguzi mkuu akazifunga zile zipu mwenyewe. Kisha akageuka.

"Nani ameacha pazia wazi?"

Msimamizi wa mafundi alikuwa ameshafika. Akamtazama yule msaidizi mwenye nyundo. "Ni wewe. Kila siku ninasema."

Msaidizi alijua ni nani. Hakumtaja, akaiweka nyundo chini.

Ningependa kukwambia kwamba Timazi alisema mara moja. Hakusema. Alisimama pale na kuta zake zote zilizonyooka, akamwacha mwenzake abebe mzigo usio wake.

Mama mkwe akautoa mkono wake polepole mkononi mwa Timazi.

"Baba, nipe fimbo yangu," alisema. "Nitapita njia ya wagonjwa. Narudi kwenye benchi langu."

Akaanza kwenda, anachechemea. Timazi akamtazama mgongo. Aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni mimi," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Ni mimi niliyeacha wazi. Msaidizi wangu hana kosa."

Muuguzi mkuu hakumfokea. Afadhali angefoka.

"Fundi, ukuta wa zamani una vumbi na uchafu wa miaka mingi," alisema. "Wewe ukilivuta utapiga chafya, basi. Mwenye pumu, kifua kinabana. Mwenye kidonda kibichi, kidonda kinaingia vijidudu. Ndiyo maana mapazia ni mawili. Moja likifunguliwa, la pili linazuia."

"Nilidhani ni nailoni tu, dada."

"Na yule mgonjwa wa pumu angekufa kwa ajili ya nailoni tu. Sasa utasafisha. Usitumie ufagio, ufagio unarusha vumbi. Chukua ndoo na kitambaa chenye maji."

Timazi akapiga magoti. Akafuta sakafu ya chumba, akafuta ukumbi, akafika kwenye mabenchi. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale, kadi ya kijani mkononi. Akauinua mguu wake uliovimba ili mkwe wake afute chini yake. Timazi hakuthubutu kuinua uso.

Mshonaji alipumua vizuri jioni ile, akalazwa siku mbili. Kesho yake Timazi alimwomba radhi msaidizi wake mbele ya mafundi wote. Kisha akamwambia msimamizi, "Pazia linahitaji mtu wa kulisimamia saa zote. Nianze mimi." Tangu siku hiyo hakupita mtu ambaye hakufunga. Matoroli ya kifusi yalifunikwa turubai na kupita nyuma. Wenzake wakamtania, wakamwita Bawabu. Aliitika.

Kazi iliisha baada ya miezi mitano. Hakuna mgonjwa mwingine aliyehamishwa kwa sababu ya vumbi, na chumba cha dharura hakikufungwa hata saa moja.

Siku vitanda vipya vilipoanza kutumika, mshonaji alikuja kuchukua dawa zake. Akamkuta Timazi akikaza bawaba za mlango mpana.

"Ahsante, fundi," alisema. "Mmetujengea pazuri."

Timazi angeweza kupokea sifa na kuendelea na kazi. Zamani angepokea. Akaiweka chini bisibisi.

"Dada, siku ile ulipohamishwa kitanda. Lile vumbi niliingiza mimi."

Mwanamke yule akamgeukia.

"Nilikuwa nasikia kila kitu," alisema. "Nilimsikia mtu akisema 'ni mimi'. Alichelewa kidogo."

"Nilichelewa," alisema Timazi.

Mshonaji akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Timazi akaufunga mlango nyuma yake, taratibu, mpaka ukabana.